Mto Una Mwenyewe: Kutoka Mtwara Hadi Bonde la Rufiji

Jumatatu, Mtwara hadi Nangurukuru

Basi limetoka stendi ya Mtwara kabla ya jua, na mjomba kakaa dirishani bila kuomba. Ana haki yake. Alikuwa utingo wa mabasi ya kusini enzi za pantoni ya Ndundu, kivuko cha mto Rufiji kabla ya daraja, na hakuna kona kati ya Mikindani na Mbagala isiyokuwa na kisa: hapa tairi lilipasuka, hapa tulilala, hapa dereva alipata mke.

Tunakwenda Utete kwa shangazi. Aliolewa na Mrufiji mimi nikiwa sijazaliwa, akahamia kule, na kwetu huja kwenye misiba na harusi tu. Majuzi alipiga simu: "Njooni mlione bonde kabla sijaliacha." Hatukujua kama anatania. Kwa shangazi huwezi kujua.

Nami nilikuwa na hamu yangu. Tangu mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kwenye mto Rufiji, uwashwe mwanzoni mwa 2024, habari nilizokuwa nazisikia ni za megawati: mitambo 9, kila mmoja 235, jumla 2,115. Sawa. Lakini ule mto haukuishia kwenye ukuta. Chini ya bwawa kuna vijiji, mashamba, maziwa na mikoko hadi baharini, na watu wa huko nilikuwa siwasikii sana. Sisi wa kusini tuna mazoea ya kuuliza swali la pili. Umeme wa Mtwara kwa miaka mingi ulitokana na gesi ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya Taifa, na mwaka 2013 watu walipouliza gesi yao inapelekwa wapi, mji ulichafuka hadi wakaletwa wanajeshi. Kwa hiyo mtu akiniambia mradi umekamilika, nauliza: kwa nani?

Lindi tulisimama kidogo. Mchinga tukapita. Mbwemkuru maji kidogo, mchanga mwingi, ndiyo Julai hiyo. Nangurukuru tumelala nyumba ya wageni iliyo karibu mno na barabara, malori yanapita kama yanapita chumbani.

Usiku, kwenye chipsi, mwenyeji mmoja alitukumbusha Januari 2020, mvua zilipofurisha Kilwa na vijiji vya bonde la Matandu vikaingia majini. Matandu hauna bwawa. Nimeliweka akilini hilo, kwa sababu najua huko tuendako nitasikia kila mafuriko yakibebeshwa bwawa, na kila anayelitetea bwawa akisema mafuriko yalikuwepo tangu zamani. Wote wana la kusema.

Jumanne, Kipatimu na Nandete

Mjomba hakutaka huku. Alisema tunazunguka. Ni kweli tunazunguka: Njia Nne tumeacha lami, tukapanda Noah iliyojaa hadi mlango unafungwa kwa kamba, tukapandisha Milima ya Matumbi. Lakini nilitaka kuanzia hapa, kwa sababu historia ya bonde la Rufiji haiko bondeni peke yake. Nusu yake imekaa huku milimani, upande wetu wa Lindi.

Nandete ndipo Wamatumbi walipong'oa pamba ya Mjerumani mwezi Julai 1905, na vita vya Maji Maji vikaanza. Kuna mnara wa kumbukumbu. Dawa yenyewe, maji yaliyoaminika kuwakinga wapiganaji na risasi, ilitoka chini kule Ngarambe, kwa Kinjikitile Ngwale, na watu wa milima hii waliteremka kwa makundi kwenda kuichukua. Mapema Agosti mwaka huohuo Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile huko Mohoro. Yalikuwa maji ya Rufiji yaliyowaunganisha watu waliokuwa kila mmoja na mzee wake na mlima wake.

Mzee mmoja tuliyemkuta kivulini, kofia ya kiua, bakora mapajani, alitupokea vizuri ila hakuwa na haraka ya kuzungumza vita. Alitaka kuzungumza njaa. "Wageni wote mnakuja na Kinjikitile," alisema. "Mbona hamuulizi tulikuwa tunakula nini?" Basi tukauliza. Akasema mvua zikikataa milimani, babu zake walikuwa wanashuka Rufiji. Kule mvua ikikataa, mto unakuja wenyewe kutoka mbali na maji ya watu wengine. Alivuna mpunga kwa kibarua kule akiwa kijana, analipwa kwa pishi.

Nikamuuliza kama amelisikia bwawa. "Nimelisikia redioni. Wameufungia mto ghalani." Kisha akamgeukia mjomba, wakaanza kutafutana ukoo, na mimi nikawa sina kazi tena pale.

Jumatano, Somanga, Nyamwage, Utete

Somanga hupiti bila kula. Basi halijasimama sawasawa, madirisha yote yana sahani: pweza wa kukaanga, changu, mihogo. Hapa ndipo barabara ya kusini ilipokatika Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipong'oa makalavati, na Mtwara na Lindi tukakaa kisiwani: abiria walikwama huku na huku, bidhaa zikapanda bei. Mwaka huohuo, mwezi mmoja nyuma yake, Rufiji nayo ilikuwa imejaa. Masika ile haikumwacha mtu.

Kutoka Somanga hadi Ndundu ni kama kilomita 60, na hapo mjomba alifunguka. Vijana wanaopita leo kwenye lami wakiwa wamelala hawawezi kuelewa. Masika, kile kipande kilikuwa tope la kumeza basi. Abiria walishuka wakasukuma, wakalala, wakapika. Ukivuka tope unaukuta mto, na pantoni iko upande wa pili, au imeharibika, au maji yamezidi haivushi. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003, mita 970, na hata hapo kipande cha tope kilikaa zaidi ya miaka 10 kabla lami haijakamilika. Kwa mtu wa Mtwara, Rufiji haukuwa mto wa kulima wala wa kuvua. Ulikuwa kizuizi. Nadhani ndiyo maana hatujawahi kuuwaza kwa ajili ya wanaoishi nao.

Darajani hatukufika. Nyamwage tulishuka, tukachukua gari la Utete upande wa kushoto. Shangazi tulimkuta barazani anachambua mchele. Alimtazama mjomba kutoka juu mpaka chini akamwambia, "Shemeji, umezeeka kama basi lako." Chakula kilikuwa wali, perege wa mchuzi wa nazi, na mboga ya majani ya maboga.

Alhamisi, bondeni

Leo nimeshinda shambani, na haya ndiyo niliyoyafuata.

Utete imekaa juu kwenye ukingo wa kusini. Ukisimama pale mtoni unaona bonde lote limelala chini yako, tambarare hadi macho yanachoka, mto umejikunjakunja katikati, rangi ya udongo. Tulivuka kwa mtumbwi, shangazi mbele, kijana wake nyuma na pondo, mimi katikati nimeshika kingo mbili kwa sababu nilikuwa nimeambiwa habari za mamba na viboko asubuhi yote.

Shamba lake ni la udongo mweusi unaopasuka. Nyufa nyingine zinaingia mkono mpaka kiwiko. Pembeni kuna dungu lake: kibanda cha miti na makuti juu ya nguzo zinazonizidi kimo, ngazi ya miti mitatu, ndani jiko la udongo, mkeka, ndoo. Msimu wa mpunga watu huhamia humo kulinda ndege, nguruwe na nyani. Maji yakija chini, wewe uko juu unapika. Shangazi anasema amelala humo maji yakipita usiku chini ya sakafu, akaamka akavua samaki kwa kuinama.

Mfumo wenyewe ni huu, na niliuelewa hapo tu kwenye nyufa. Mpunga unapandwa mvua za mwanzo, Novemba au Desemba. Unatakiwa uwe umekua vya kutosha mto unapokuja, kuanzia Februari hadi Mei, ili upande pamoja na maji badala ya kuzama. Mto ukija kiasi, mpunga unashiba. Mto ukizidi au ukiwahi, umekosa. Hapo ndipo inapokuja bahati ya pili: maji yakirudi, mwezi Juni na Julai, unapanda mlau. Mahindi, maboga, kunde, zamani hata pamba, juu ya tope lililoachwa, bila tone la mvua. Shangazi alinionyesha: akachoma ardhi kwa mti uliochongwa, akakwangua vumbi la juu hadi akafikia udongo wenye unyevu, rangi yake nyeusi zaidi, akaunusa, akatia punje tatu, akafukia kwa kisigino. Hatua moja. Tena. Mahindi yatamaliza maisha yake kwa unyevu ulioko chini.

Maana yake ni kwamba mafuriko yaliyomnyang'anya mpunga ndiyo yaliyomlipa kwa mlau. Na ndiyo yaliyofungua milango ya maziwa ya bondeni, yale mabwawa ya asili yaliyotawanyika pande zote za mto, samaki wakaingia, wakazaana, maji yakashuka wakabaki. Mwaka ambao mto haukuja kabisa ndio uliokuwa mwaka wa njaa. Mwaka wa mafuriko makubwa ulikuwa mwaka wa hasara na shibe kwa pamoja. Mtu wa nje haoni hiyo shibe, anaona paa limezama.

Serikali nayo iliona paa. Baada ya mafuriko makubwa ya mwishoni mwa miaka ya 1960 watu walihamishwa kutoka bondeni, wakapangwa vijiji juu kwenye miinuko, zoezi lililokuja kabla hata ya operesheni za vijiji vya ujamaa kwingineko. Marehemu mume wa shangazi alihamishwa akiwa mtoto. Shule na zahanati vikawa karibu, hilo hakuna anayelikataa. Shamba likawa mbali, na nguruwe wakajua usiku hakuna mtu. Madungu ndiyo yaliyokuwa jibu: unaishi kijijini kwenye daftari la mtendaji, unaishi bondeni kwenye tumbo.

"Sasa bwawa limefanya nini hasa?" nilimuuliza.

Hakujibu mara moja. Kisha akasema, "Zamani mto ulikuwa wa Mungu. Ulikuwa unatukosea, lakini unatukosea sote. Sasa mto una mwenyewe."

Kijana wake ndiye aliyefafanua, na alifafanua kama mtu aliyelifikiria sana. Kuna mambo mawili. La kwanza, maji ya masika yanabakizwa juu, kwa hiyo mto wa kiasi, ule mzuri, ndio unaoweza usifike shambani. La pili ndilo ambalo sikulitegemea. Mitambo inataka maji mwaka mzima, kwa hiyo kiangazi mto haupungui kama zamani. Alinionyesha kipande cha chini kabisa, kando ya mkondo, walipokuwa wakipanda mboga Septemba. Kilikuwa majini. "Kiangazi mto ulikuwa unatuachia hapa," alisema. "Siku hizi hautuachii." Nikaangalia. Majani ya mabua ya mwaka fulani yalikuwa yamesimama ndani ya maji, yameoza hadi magotini.

Halafu kuna Aprili 2024. Bwawa lilikuwa limekwisha kujaa, mvua zikazidi, milango ya kutolea maji ikafunguliwa, na Rufiji na Kibiti zikazama: nyumba, mashamba, shule. Serikali ilisema bwawa lilipunguza makali na kwamba bila ule ukuta hali ingekuwa mbaya zaidi. Wakazi wengi waliamini bwawa ndilo lililowafanyia. Nimewasikiliza pande zote na maoni yangu ni haya: lambo likiwa tupu huzuia mafuriko, likijaa halina pa kuyaweka, na meneja wa umeme anataka lijae. Hayo hayahitaji ubaya wa mtu yeyote. Yanahitaji tu mkulima wa huku chini ajue lini lango linafunguliwa, apate siku za kutosha kuhamisha mbuzi na gunia. Shangazi zamani alikuwa anasoma dalili: rangi ya maji, takataka zinazoelea, siafu wakipanda nguzo za dungu. Siafu hawapati taarifa kutoka bwawani.

Ijumaa

Mjomba kaswali, kala, kalala. Jioni tulivuka kwa kivuko hadi Mkongo na kupata gari la Mloka. Vumbi. Sina zaidi.

Jumamosi, Mloka

Mloka ni kijiji cha lango la Mtemere, mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Pori la Akiba la Selous mwaka 2019. Magari ya watalii yanaingia kwenda kwenye maziwa ya Manze, Nzerakera na Tagalala. Nayo ni maziwa ya mto huuhuu, mikondo ya zamani iliyoachwa, yanayotegemea maji ya mto yafike. Kwa hiyo tembo na shangazi wako kwenye foleni moja.

Bwawani penyewe hatukufika. Liko ndani ya hifadhi, mbali, na ruhusa yake ni safari nyingine. Lakini Mloka tulimpata fundi nondo, kijana wa Masasi, aliyefanya kazi kwenye ukuta kisha akaoa hapahapa akafungua kibanda cha kuchomelea. Mjomba alivyosikia lafudhi ya kwetu alikaa kabla hajakaribishwa.

Alituchorea chini kwa kijiti. Mto unakuja na mikono mitatu. Kilombero, unaoleta zaidi ya nusu ya maji yote. Luwegu, unaotoka Ruvuma na kupita pembezoni mwa Liwale, kwa hiyo sehemu ya maji yale ni ya Lindi (mjomba hapo akasema tudai ushuru). Na Ruaha Mkuu, uliokuwa ukiungana na wenzake juu kidogo ya korongo la Stiegler, pale ulipojengwa ukuta wa bwawa. Ile njia panda ya mito imezama. Desemba 22, 2022 handaki lililokuwa limechepusha mto lilifungwa, maji yakaanza kurudi nyuma. Ukuta una kimo cha mita 131 na urefu wa mita 1,025. Ziwa lililo nyuma yake likijaa linashika zaidi ya mita za ujazo bilioni 30 na linaenea zaidi ya kilomita za mraba 900, ukubwa wa kisiwa cha Mafia mara mbili na zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 2018, Serikali ilitangaza kuuza miti zaidi ya milioni 2.6 iliyosimama eneo hilo.

"Mlima uliokuwa mlima sasa ni kisiwa," alisema, akachora duara dogo ndani ya duara kubwa.

Nilimuuliza kuhusu tope. Alicheka, akasema mtu wa nondo haulizwi tope. Lakini swali ni la haki. Mto ukiingia kwenye maji yaliyotulia unaangusha mzigo wake, udongo unabaki huko nyuma ya ukuta. Maji yanayotoka kwenye mitambo ni meupe kuliko yaliyoingia. Ule udongo ndio uliokuwa mbolea ya shangazi; hajawahi kununua mfuko wa mbolea maishani mwake kwa shamba la bondeni. Na mbele zaidi ndio uliokuwa unaijenga delta, msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, ambako kamba wanazaliana na ambako meli ya vita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha hadi ikapigwa Julai 1915. Hasara ya aina hii haiji kwa kishindo. Inakuja gunia moja pungufu, kisha mawili.

Fundi nondo hakuwa na majuto, na sioni kwa nini awe nayo. Alilipwa, alijifunza kazi, nyumba yake ina taa. Wazo la kuuzuia mto pale korongoni ni la tangu enzi za Mjerumani. Mwalimu aliliundia mamlaka yake ya bonde mwaka 1975, na jiwe la msingi likawekwa Julai 2019. "Lingejengwa tu," alisema. "Bora nimelijenga mimi." Mjomba akaunga mkono kwa nguvu, mtu ambaye juzi tu alikuwa analilia pantoni.

Jumapili, Mloka hadi Kibiti, na basi la kusini

Gari la Kibiti lilitoka usiku wa manane. Kibiti tulipata basi la Mtwara, na Daraja la Mkapa tulilivuka huku mjomba akimweleza utingo wa sasa, kijana wa vishikwambi, jinsi walivyokuwa wakilala Ndundu. Kijana alisikiliza kwa adabu kisha akamwomba nauli.

Njiani tulipiga simu Utete kumalizia mazungumzo ya shangazi. Kijana wake anataka wahamie ufuta, milimani, kama wanavyofanya huku Lindi, bonde waachane nalo. Mbegu na kusafisha shamba ni hela. Mjomba akasema atatoa yeye, korosho zikishapigwa mnada Oktoba. Shangazi akamjibu kwamba ahadi ya shemeji haioti. Wakabishana, wakakubaliana kwamba ufuta unapandwa Januari, kwa hiyo Oktoba inatosha.

"Na bondeni, shangazi?" niliuliza.

"Bondeni napanda mpunga Desemba kama kawaida. Wakifungua wakaniambia, nitapanda juu ya dungu. Wasiponiambia, nitapanda juu ya dungu vilevile. Mpe shemeji simu, hajanijibu habari ya mbegu nyeupe au nyeusi."